Bi Mkubwa na Bi Mdogo

Mashati ya chuma yalikuwa mawili ukutani mwa ghala. La kwanza liling'aa. Lilikuwa limeoshwa kwa maji ya bomba na kupakwa mafuta, kila pete yake ndogo imetulia mahali pake. La pili lilikuwa limeanza kushika kutu kwapani na shingoni. Inspekta alilipitishia kidole, kisha akakilamba kidole chenyewe.

"Chumvi," alisema.

"Afande, tuko kwenye kampuni ya kuzamia baharini," Koplo alijibu. "Ungekuta sukari ndiyo ningeshtuka."

"Nani huvaa haya mashati?"

"Mlishaji wa papa peke yake. Hilo lingine ni la akiba."

"Sasa la akiba limeloweshwa na nani?"

Koplo alikuna kichwa. Alikuwa kijana mwepesi wa miguu na wa ulimi, na jambo lisilomfaa kwenye faili hakulipa muda. Akaonyesha mezani. "Kesi iko pale, afande, si ukutani."

Mezani palikuwa na koti jeusi la kuzamia, lile linalojazwa hewa ili mtu aelee na kutiwa vyuma vya uzito mifukoni ili mtu azame. Mkasi wa hospitali ulikuwa umelikata kutoka begani hadi kiunoni. Mfuko wa kushoto haukuwepo tena, zilibaki nyuzi na zipu iliyopinda. Jana mchana koti hilo lilikuwa mwilini mwa kijana mmoja, na kijana huyo sasa alikuwa wodini, amefungwa bandeji kiunoni na mkono wote wa kushoto. Uhai waliuokoa. Kuhusu mkono, madaktari walisema tusubiri.

Kazi ya kampuni hii ilikuwa kuwapeleka wenye roho ngumu chini ya maji wakaone papa wakilishwa. Wageni hupiga magoti mchangani nusu duara, mikono kifuani. Mbele yao hukaa mlishaji, na shati lake la chuma lisilopitisha meno na sanduku la chambo. Nyuma yao hukaa mzamiaji mmoja mwenye fimbo, mlinzi wa nyuma, wa kumsukuma papa anayezoea watu kupita kiasi. Masharti ni machache na hayana mjadala: hakuna anayenyoosha mkono, hakuna anayenyanyuka peke yake, na samaki haguswi na mtu ila mlishaji. Ukiyafuata unarudi juu unacheka na kutetemeka kwa wakati mmoja, na una la kuwasimulia wajukuu.

Jana papa mkubwa kuliko wote aliliacha sanduku la chambo, akawapita wageni kana kwamba ni mawe, akamshika mlinzi wa nyuma kiunoni. Kila mtu alisema papa ni papa. Watu wa idara ya uvuvi wakaanza kunoa ndoano za kwenda kumvua. Lakini nesi aliyelikata koti alikuta kipande cha jodari kimenasa kwenye zipu ya mfuko uliong'oka, akapiga simu polisi. Alisema amekaa hospitali miaka mingi na hajawahi kuona papa anayemwekea mtu kitoweo mfukoni.

Na asubuhi hii, kabla chai ya kituoni haijapoa, mlishaji mwenyewe aliingia kwa miguu yake na kusema, "Ni mimi. Nilimtia samaki mfukoni. Nilikuwa na wivu."

Mkuu wa kituo nusura amkumbatie. Alitaka faili liwe mezani kwake kabla ya ofisi kufungwa, kosa la kujaribu kuua, na mlishaji apelekwe mahakamani. Watu wa uvuvi nao wakaambiwa wasubiri faili hilo. Kama ni mtu aliyefanya, papa aachwe.

Inspekta hakuwa mtu wa kupenda vya dezo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, asiyejua kuogelea hata kwenye beseni, tena mwenye wivu. Hilo la wivu halikuandikwa popote, lakini waliofanya naye kazi walilijua. Mumewe alikuwa na gari kuukuu alilolipenda kuliko macho yake. Kila Jumamosi aliliosha, akalisemesha, akalikausha kwa taulo, na taulo lenyewe ni la mkewe. Kwa hiyo mtu akimwambia Inspekta neno wivu, hakumwambia kitu kigeni.

"Tazama mikanda hii," alisema, akilivuta koti karibu. "Imelegezwa mpaka mwisho. Lakini mikunjo yake ya zamani, hii iliyopauka kwa chumvi, iko huku ndani kabisa. Mwenye koti ni mwembamba kuliko aliyelivaa jana."

"Makoti ya kampuni, afande. Yote meusi, yote sawa."

"Yote sawa, ila kila mtu ana kiuno chake."

*

Nahodha wa boti walimkuta gatini anakunja kamba. Alikuwa mzee mwenye kifua kipana na mdomo usio na breki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kwa ajili ya Bi Mkubwa?"

"Bi Mkubwa nani?"

"Papa! Jike lile. Mlishaji alimjua kabla hajaoa. Basi alipooa, sisi tukasema, aa, huyu bibi harusi kakuta mwenzake ndani, lazima awe Bi Mdogo. Utani tu. Mpaka leo ndivyo tunavyomwamkia. Bi Mdogo, umeamkaje? Mwenzio hajambo?"

"Naye husemaje?"

"Anacheka."

"Anacheka vipi?"

Nahodha alimtazama kwa mshangao. "Anacheka kwa meno, mwanangu. Kwani wengine wanacheka kwa nini?"

Koplo aligeuza uso ili asionekane. Inspekta aliuliza habari ya wivu, na nahodha hakungoja kusukumwa. Yule papa, alisema, alikuwa na tabia ya ajabu: humjia mlishaji taratibu, akalaza pua kwenye kiganja chake, akasuguliwa, akatulia kama anayesinzia. Hakuna mwingine aliyewahi kufanyiwa hivyo. Halafu mwezi uliopita shemeji mtu, mdogo wake Bi Mdogo, akanyoosha mkono kwa utani, na Bi Mkubwa akamlalia na yeye.

"Weee! Mlishaji alipanda juu, akavua miwani, hakusema na mtu mpaka tunafunga kamba. Tangu hapo yule kijana hakupewa tena kazi ya chini. Juu tu, kushika kamba na mimi. Mtu na shemeji yake wanaoneana wivu kwa samaki! Dunia ina mambo."

"Kama kazi yake ni juu, jana alifikaje chini?"

"Mgeni mmoja alichafukwa na tumbo. Mlinzi wa nyuma siku zote ni Bi Mdogo, lakini Bi Mdogo akaingia na yule mgeni chooni kumshika kichwa, anatapika kama anayehama. Mlishaji hana subira. Akamwambia shemeji, vaa, twende. Kijana akavaa, wakashuka."

"Alivaa koti la nani?"

"La dada yake. Ndilo lililokuwa tayari limefungwa kwenye mtungi wa hewa."

Koplo alimgeukia Inspekta kwa haraka, macho yamemtoka. Inspekta alimnyamazisha kwa kidole.

"Halafu Bi Mdogo akatoka chooni," aliendelea nahodha, na sauti yake ikashuka. "Akauliza, mdogo wangu yuko wapi? Nikamwambia kashuka badala yako. Mwanangu, sijaona kitu kama kile. Akanyakua spana akaanza kugonga ngazi ya chuma, ngo, ngo, ngo. Ndiyo ishara yetu ya kuwaita watu juu. Halafu akataka kujirusha majini hivyo hivyo, bila mtungi. Nikamkumbatia. Analia, mimi nasema tulia mama, kuna nini, hakuna kitu. Nimemaliza tu kusema, damu hiyo, inapanda."

"Alilia kabla ya damu?"

"Kabla! Damu nzito kuliko maji, ilimnong'oneza. Na nguvu alizokuwa nazo! Tazama ngazi ilivyonichuna." Akanyoosha mikono. Ndani ya mikono yote miwili palikuwa na michubuko midogo midogo, imejipanga safu kwa safu, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele.

Inspekta aliitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akaenda kuitazama ngazi. Ilikuwa ya mabomba laini, yenye vidato vipana vya plastiki.

"Afande," Koplo alisema walipoingia garini, "sasa naiona yote. Mlishaji hakumlenga shemeji. Samaki alikuwa kwenye koti la mkewe. Alitaka kumuua mke!"

"Halafu akamvalisha shemeji koti hilo hilo, yeye mwenyewe?"

Koplo alifikiri. "Hapo sasa," alisema, na akawasha gari.

*

Mgeni aliyekuwa na kamera alikuwa daktari wa meno. Aliwapokea katika zahanati yake, akamwacha mgonjwa mdomo wazi kwenye kiti cha chumba cha pili, na akaiweka video kwenye kioo kile kile anachoonyeshea picha za magego.

"Kabla hamjatazama," alisema, "nataka mjue kwamba sina kinyongo na yule papa. Mnajua meno yake yakitoka huota mengine? Safu nzima inasubiri nyuma. Viumbe kama hao wangekuwa wateja wangu ningefunga zahanati. Nawaonea wivu, kusema kweli."

Kioo kikawa cha buluu. Zilisikika pumzi za daktari, nzito, na mapovu yakipanda. Papa walipita wakizunguka, wembamba wembamba, na kila mmoja alipogeuka jicho lake lilionekana likimtazama mwenye kamera na kumpuuza. Koplo, aliyekuwa amesimama kwenye sakafu kavu kabisa, alijikuta ameficha mikono kifuani. Kisha akatokea Bi Mkubwa. Wengine walimpisha. Alimwendea mlishaji polepole, akashusha pua kwenye kiganja chenye glavu ya chuma, na yule mtu mrefu akainamisha kichwa chake mpaka miwani ikakaribia ngozi.

"Aisee," Koplo alinong'ona.

Hata Inspekta, aliyekwenda pale kutafuta kosa, alihisi nywele za shingoni zikisimama. Mumewe hakuwahi kumwinamia hivyo. Gari, ndiyo.

Daktari aligeuza kamera kwa nyuma kidogo, na mlinzi wa nyuma akaonekana. Alikuwa na shida. Kila alipopiga magoti, koti lilimnyanyua. Alikuwa ameubana mkono wa kushoto kiunoni, analivuta koti lishuke, na miguu inatapatapa.

"Alikuwa mwepesi mno," daktari alisema. "Vyuma vya uzito havikumtosha. Hata sisi tulishangaa, kijana mzoefu vile."

"Na papa hawamjali bado," Inspekta alisema.

"Hawamjali. Subiri."

Ngo, ngo, ngo. Sauti ilitoka mbali juu, ya chuma kugonga chuma. Kijana aliinua kichwa. Kusikia ishara kukamlegeza, nalo koti likamnyanyua moja kwa moja kutoka mchangani, peke yake, jambo ambalo masharti yanalikataza kuliko yote. Nyuma ya kiuno chake kulikuwa na kitu chembamba kama moshi, kinavuja. Bi Mkubwa akaondoa pua kwenye kiganja cha mlishaji. Hakukimbia. Aliwapita wageni, akafika, akauma.

"Simamisha," Inspekta alisema.

"Aliuma mfuko," daktari alisema kwa sauti ya kikazi. "Mkono uliingia kwa sababu aliubana hapo. Na tazama, anaachia mwenyewe. Hakutafuna. Samaki angekuwa ameanza kutoa harufu tangu juu, wangemfuata tangu juu. Huyu alianza kunuka baadaye."

"Alikuwa wa kwenye friza. Barafu ilichukua muda kuyeyuka." Inspekta aliirudisha video nyuma mwenyewe, akaisikiliza tena, kisha tena. "Koplo, unasikia nini?"

"Mtu anaita watu warudi juu."

"Kwa sababu gani? Mgeni wa chooni ameshatapika. Boti haizami. Chini hakuna aliyeumwa. Huyo anayegonga anaogopa nini?"

Kutoka chumba cha pili mgonjwa alitoa sauti ya kulalamika. Daktari aliomba radhi akaenda.

*

Mlishaji alikuwa amekaa wima kwenye chumba cha mahojiano, mikono juu ya meza. Alikuwa mtu mrefu wa maneno machache.

"Samaki ulimtoa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kwenye chambo."

"Ulimtia lini mfukoni?"

"Asubuhi. Ghalani, kabla ya kupakia."

"Kwa nini?"

"Nimeshasema. Wivu." Alilisema neno hilo bila aibu, kama mtu anayetaja jina la ugonjwa wake. "Nilimpata papa yule akiwa mdogo, na ndoano imemkwama mdomoni. Nilimtoa. Ilinichukua miaka mpaka akakubali kunilalia kiganjani, na siku hiyo nililia ndani ya miwani. Halafu anakuja mtoto wa juzi, ananyoosha mkono, naye anamlalia. Nilihisi nimevuliwa nguo mbele za watu. Nilitamani amuume. Ndiyo, afande. Nilitamani."

"Kutamani si kosa. Ingekuwa kosa, nusu ya mji huu ingekuwa ndani, na mimi ningekuwa mbele ya foleni." Inspekta alivuta kiti. "Asubuhi ile, ghalani, shemeji yako alikuwa amepangiwa kazi gani?"

Mlishaji aliinamisha uso.

"Kushika kamba. Juu. Kwa amri yako mwenyewe. Kwa hiyo ulimtegea samaki mtu asiyeshuka, kwenye koti lisilo lake, ukitumaini mgeni usiyemjua atatapika?"

Inspekta aliegemea mbele.

"Unamkinga nani? Mkeo?"

Hapo mlishaji aliinua uso. Inspekta alikuwa ametazama nyuso nyingi katika chumba kile, na uso huu haukuficha kitu. Ulikuwa umeshangaa tu. "Mke wangu? Mke wangu anahusika vipi?"

"Basi ni nani?"

Mlishaji alitazama mikono yake. "Watu wa uvuvi waliniambia, kama ni mtu, papa anaachwa. Kama si mtu, anavuliwa leo leo. Sijui nani kamtia samaki. Lakini yule hana wakili, afande. Hana mdomo wa kujitetea."

"Mdomo anao," Koplo alinung'unika pembeni.

"Utafungwa miaka," Inspekta alisema.

"Nitafungwa."

"Na mkeo?"

"Yeye ni mtu mzima. Ataelewa."

Inspekta alisimama. Alihisi wivu kwa niaba ya mwanamke mwingine, na ulimchoma kana kwamba ni wake mwenyewe. Alitoka bila kuaga.

*

Bi Mdogo alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, viatu vya mdogo wake mapajani. Hakuwa ametoka hospitali tangu jana jioni. Alikuwa mwanamke mwembamba, na Inspekta alipomwona kiuno alijua mikunjo ya ile mikanda imepata mwenyewe.

"Pole, mwenzangu."

"Nimeshapoa. Ahsante."

Inspekta alikaa karibu naye. Koplo alibaki amesimama.

"Nahodha amechunika mikono. Anasema ni ngazi."

"Mzee yule ana ngozi laini."

"Ngazi haichuni kwa safu. Pete ndizo zinazochuna kwa safu. Lile shati la akiba pale ghalani lina chumvi mbichi ya jasho, kwapani na shingoni, na jana aliyevaa shati huko chini ni mmoja tu. Kwa hiyo la pili lilivaliwa na mtu aliyebaki juu, ndani ya nguo zake, na nahodha alimkumbatia." Inspekta alimgeukia. "Ulivaa vazi la kuumwa, dada. Siku ambayo koti lako lilikuwa na samaki mfukoni. Na ukatoa vyuma vya uzito, kwa sababu shati lilikuwa zito la kutosha. Mdogo wako hakuwa na shati. Ndiyo maana alielea."

Bi Mdogo aliendelea kuvipangusa viatu kwa kiganja. Havikuwa na vumbi.

"Ameamka asubuhi," alisema. "Unajua kitu cha kwanza alichoniambia? Ameniomba radhi. Eti, dada, nisamehe, nimekuharibia koti."

Kisha akalia, na kilio chake hakikuwa na sauti kwa sababu alikuwa ameuma kitambaa cha kichwa. Inspekta alimwacha. Alipomaliza, alizungumza kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo kabla mikono haijamwachia.

"Kila asubuhi, Bi Mdogo, Bi Mdogo, mwenzio hajambo. Nami nacheka. Usiku mume wangu ananisimulia: leo aligeuka hivi, leo amenona, leo alinilalia. Mtu anakusimulia mke mwenzio kitandani mwako, na wewe unatakiwa useme ehe! Angekuwa na nywele ningemshika nywele. Yule nimshike wapi? Nikilalamika nachekwa. Unamwonea wivu samaki? Ndiyo! Namwonea wivu samaki. Hajawahi kunitazama mimi vile. Hata siku ya harusi."

"Ulitaka akuume wewe."

"Anauma na kuachia, sote tunajua. Ningepata alama tu. Kipande kilikuwa kigumu kama tofali, nilijua kitayeyuka tukiwa tumeshapiga magoti. Nilitaka mume wangu aone mbele ya wageni wote, mkewe yuko kinywani mwa yule, halafu achague." Alifuta pua. "Nikashikilia kichwa cha mgeni chooni. Nilipotoka, koti halipo. Nikagonga ngazi aje juu, kumbe ndiyo namwinua mchangani. Nimemlea mimi yule, mgongoni mwangu. Nimemwua mkono kwa mkono wangu."

"Mumeo amekiri asubuhi hii kwamba ni yeye," Koplo alisema, kwa sababu hakujua jambo jingine la kusema.

Bi Mdogo aligeuka. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Uso wake, uliokuwa umeiva kwa machozi, ulifunguka taratibu mpaka Inspekta akaona jinsi alivyokuwa zamani, akiwa msichana.

"Amekiri? Amejitwika yeye?" Alikaa vizuri, akarekebisha kitambaa kichwani kana kwamba mumewe amesimama mbele yake. "Kwa ajili yangu?"

Koplo alitazama viatu vyake. Inspekta angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa neno dogo, na lisingeharibu faili. Alifungua mdomo akitaka kulisema, na halikutoka.

Bi Mdogo aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Uso ukajifunga.

"Ni kwa ajili ya yule," alisema.

"Wangemvua leo."

"Nikinyamaza?"

"Faili linafungwa jioni. Anakwenda yeye."

"Naye yule anabaki peke yake kule chini, anamngoja." Kidogo, kidogo sana, kitu kama raha kilipita machoni mwake. "Na nikisema?"

"Unakwenda wewe."

"Na wao wanabaki wawili."

Kutoka ndani ya wodi ilisikika sauti dhaifu. "Dada? Maji."

Bi Mdogo aliinuka. Kupitia mlango walimwona akiinua kichwa cha mdogo wake, akimnywesha, akimfuta kidevu. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda na kusema naye kwa sauti ya chini. Alisema kwa muda. Kijana alimtazama, akatazama bandeji yake, halafu akageukia ukutani. Dada alisubiri ageuke tena. Hakugeuka.

Alipotoka, aliviweka vile viatu chini mlangoni, sambamba, mahali mwenyewe angeviona akiamka.

"Andika," alimwambia Koplo. "Nimefanya mimi. Lakini anza na kwamba papa hana kosa. Liweke juu kabisa."

"Kwa nini juu kabisa?" Koplo aliuliza.

"Kwa sababu ndilo mume wangu atakaloanza kuuliza."

*

Mlango wa mahabusu ulifunguliwa kabla ya ofisi kufungwa. Mlishaji alisimama. Inspekta alimwachia nafasi yote, na moyoni alimwomba, alimwomba kweli, awe na swali jingine.

"Ndoano za watu wa uvuvi zimerudi?" mlishaji aliuliza.

"Zimerudi," Inspekta alisema. Akamwambia akae chini tena, kuna habari ya mkewe.